Barua ya Wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Vijana wa Kaunta ya Manda Wapewe la Kusema

Mheshimiwa Waziri,

Baada ya salamu kutoka Amu, yaani mji wa Lamu, nakuandikia kuhusu jambo ambalo huenda likaonekana dogo ukilipanga pamoja na bandari, reli na barabara kuu. Ni vijana wanaosimama kaunta katika kiwanja cha ndege cha Manda, na maneno wanayomiminiwa kila ndege inapochelewa.

Wasioijua Lamu wataniwia radhi nikieleza kidogo. Kiwanja chetu kiko kisiwa kingine. Anayetoka mjini hushuka gatini na mizigo yake, akapanda boti, akavuka mkondo, kisha hamali akamsogezea masanduku hadi jengoni. Kwa hiyo habari ya ndege kuchelewa ina thamani kubwa ukiipata ungali nyumbani Langoni au Mkomani. Ukiipata ukiwa umeshavuka, boti imeshakushusha na kwenda zake, nauli umelipa, na kurudi ni nauli nyingine. Unakaa. Tatizo si kukaa peke yake, ni kukaa bila kujua unakaa hadi lini.

Asubuhi moja hivi karibuni tulikaa hivyo. Alikuwepo mzee mwenye miadi ya daktari Nairobi alasiri ile ile, na mfanyabiashara wa kaa na kamba aliyekuwa akifungua kasha lake kila mara kuitazama barafu. Kaunta alisimama binti mmoja, umri wa mwanangu wa mwisho, na jibu lake lilikuwa moja: “Tunasubiri taarifa kutoka Nairobi.” Akaulizwa tena, akajibu vile vile. Bwana mmoja akapiga meza, akamwita mwongo na mvivu, na mwengine akatoa simu akaanza kumrekodi. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa kwenye mkeka wake akasema kwa Kiamu chake, “Muwateni mwana wa watu, ndege si yakwe.” Wakamwacha, lakini dakika chache tu.

Ndege ilipotua hatimaye na rubani kuingia jengoni, bwana yule yule alisimama akampa mkono: “Karibu kapteni, pole na safari.” Nilicheka peke yangu. Kwetu hasira hushuka chini kama maji. Anayevaa nembo begani hapewi hata tone. Binti yule hana mamlaka ya kuondosha mkokoteni wa mizigo, seuze ndege.

Mheshimiwa, hatulalamikii kila kuchelewa. Tunajua ndege inayotutoa Manda ndiyo iliyotoka Nairobi mapema, na huenda ikapitia Malindi au kituo kingine. Ukungu ukifunika Nairobi asubuhi za miezi ya baridi, sisi huku tukiwa na jua la kukausha papa tutangoja tu. Rubani naye ana saa za kazi zilizowekewa kikomo kisheria. Zikiisha, haruki hata abiria wakilia. Na fundi akitilia shaka chombo, nani atakayetaka kupanda? Sisi ni watu wa bahari. Wazee wetu waliyangoja majahazi ya Uarabuni mpaka kaskazi ilipovuma, na yakangoja kusi ili yarudi. Lakini upepo kila mtu aliuona kwa macho yake. Hakuna nahodha aliyeuweka siri kisha akamwachia baharia mdogo kazi ya kutukanwa.

Hapo ndipo ninapoona kosa. Uamuzi wa kuchelewesha au kufuta safari hufanywa mbali na Manda, na watu wasioonwa na abiria yeyote. Sababu wanaijua wao. Makadirio ya saa mpya wanayo wao. Anayepelekwa mbele ya watu ni yule asiyepewa hata kimoja. Sisemi haya kutetea ufidhuli wa abiria, la hasha. Nasema kwamba mabango ya “anayewatusi wafanyakazi atachukuliwa hatua” yanatibu nusu ya ugonjwa, na nusu iliyo nyepesi.

Sheria ipo ya kuanzia. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mlaji, yaani mtumiaji wa bidhaa au huduma, haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na huduma aliyoilipia. Abiria ni mlaji. Mkataba wa Montreal wa 1999 kuhusu usafiri wa ndege, ambao Kenya imo, unalibebesha shirika la ndege hasara itokanayo na kuchelewa, isipokuwa lithibitishe kuwa lilichukua kila hatua iliyostahili. Ila huo ni wa safari za kimataifa, na sisi tunakwenda Nairobi tu, chini ya kilomita 500. Huko Ulaya, kanuni namba 261 ya 2004 inasema safari fupi ikichelewa saa mbili, abiria apewe chakula na kinywaji kinacholingana na muda wa kungoja, na nafasi ya kupiga simu. Sitaki tuinakili yote. Chai na chupa ya maji zingetosha kwa kuanzia.

Ninachoomba ni mashirika yalazimishwe kumpa mfanyakazi wa kituo vitu vya kushika mkononi. Apewe sababu iliyo wazi, na saa ya kurudi na habari nyingine. Hata akisema “sijui, lakini saa nne kamili nitakuja tena kuwaambia”, abiria atatulia. Apewe ruhusa ya kuhamisha tiketi ya mgonjwa hadi ndege ya kesho bila kuomba Nairobi kwa simu isiyopokewa. Na namba zetu tunazoandikisha tunaponunua tiketi zitumike kutuarifu kabla hatujashuka gatini. Matangazo ya nauli za sikukuu yanatufikia kwenye namba hizo hizo bila kukosea hata moja.

Abiria wenzangu watakaosoma barua hii nao nina neno nao, fupi. Msalimieni kwanza. Kisha muulize swali analoweza kulijibu: je, nina muda wa kuvuka kurudi mjini? Kuna nafasi ndege ya jioni? Na tafadhali, simu zirudi mifukoni. Binti wa watu anarudi mtaani jioni, na mtaa wetu ni mdogo. Video ya dakika moja ataulizwa harusini na matangani mwaka mzima.

Ningependa mpango huu uanzie Manda na Malindi, kwa kuwa ni vituo vidogo na matokeo yataonekana upesi. Wa Malindi angalau akichoka hupata gari akateremka Mombasa. Sisi hata hilo gari lazima tulivukie maji hadi Mokowe.

Ukijaliwa kujibu, Mheshimiwa, nakala ya kwanza naomba ipelekwe kaunta ya Manda, maana wao ndio tutakaowauliza.

Wako mtiifu,
Abiria na mkazi wa Langoni, Lamu