Mgonjwa wa dharura apimwe virusi, lakini majibu yamfikie

Mhariri,

Mjadala wa kumpima VVU na homa ya ini B na C kila mtu mzima anayetolewa damu idara ya dharura, isipokuwa akatae, umeng'ang'ania ridhaa. Ridhaa ina utaratibu wake: bango mapokezini, na kabla ya sindano muuguzi aseme, "Damu hii tutaipima pia VVU na homa ya ini, kama hutaki, niambie." Akikataa, vipimo vifutwe kwenye kompyuta papo hapo. Kwa asiyejitambua, mwongozo uandikwe mapema; muuguzi wa zamu ya usiku asiachiwe mzigo huo.

England ilianza upimaji huu Aprili 2022 katika maeneo yenye VVU kwa wingi, London na Manchester yakiwemo. Kutoa damu ni kazi ndogo. Mambo huharibikia maabara na baada ya hapo.

Chukua homa ya ini C. Kingamwili, protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi, huonyesha tu kwamba mtu aliwahi kuambukizwa: takriban mmoja kati ya wanne hupona bila dawa, na kingamwili hubaki. Kwa hiyo zikionekana, maabara ipime RNA ya virusi, yaani chembe zake za urithi zinazoonyesha kwamba bado vimo mwilini, kwa damu iliyotolewa siku ileile, bila kusubiri ombi jipya la daktari. Wagonjwa wakiitwa tena kutolewa damu, wengi hawarudi. Damu ya RNA itengwe kabla chupa haijaingia kwenye mashine ya kingamwili, maana mabaki ya damu ya mgonjwa aliyetangulia yanaweza kuleta chanya ya uongo.

Kipimo cha VVU cha maabara kinaweza kukosa maambukizi yasiyozidi siku 45. Aliyekuwa hatarini kuambukizwa ndani ya saa 72 zilizopita aanzishiwe dawa za kuzuia VVU. Jibu hasi lisimrudishe nyumbani.

Majibu chanya yasiende kwa daktari wa dharura, ambaye huenda zamu yake imekwisha. Yaende kwa muuguzi wa kliniki aliyetajwa kwa jina, mwenye namba ya simu ya mgonjwa iliyohakikiwa mapokezini. Asiye na simu awekewe alama kwenye faili, aambiwe faraghani atakaporudi.

Wengine wenye majibu chanya watakuwa wanajua hali zao ila wameacha dawa. Tusiwaandike "wanajulikana" na kufunga faili. Kuwarejesha kliniki ni sehemu ya kazi hiihii.

Wauguzi na wataalamu wa maabara