Kwa Nini Jipu la Kifandugu Hulipiwa Mara Mbili

Wiki iliyopita mama mmoja aliweka stakabadhi mbili juu ya meza yetu, akazinyoosha kwa kiganja, kisha akauliza kwa upole uliotuuma kuliko kelele: "Daktari, mwanangu mlimpasua jipu mwezi wa tatu, tukalipa. Leo mnataka kumpasua palepale tulipe tena. Ile ya kwanza tulilipia nini?" Si wa kwanza kuuliza hivyo, na kwa kuwa foleni ya mlangoni hairuhusu maelezo marefu, tunamjibu hapa yeye na wengine waliotoka kwetu wakinung'unika.

Ile ya kwanza alilipia usaha utoke. Jipu linaloota juu kidogo ya njia ya haja kubwa, katika mfereji wa makalio usawa wa kifandugu, mara nyingi si jipu la kawaida, kwa sababu katika mfereji huo huwa pana vitundu vidogo kama vya sindano, ambamo nywele zilizokatika hupenya zikajikusanya chini ya ngozi na kufanya mfuko. Mwaka 1880 daktari Hodges wa Marekani aliupa ugonjwa huu jina la pilonidal, kutokana na maneno mawili ya Kilatini, nywele na kiota, na jina hilo halikukosea: tumewahi kumtolea kijana mmoja kishungi kizima cha nywele, akakataa katakata kwamba ni zake. Mgonjwa akija na homa, hakai wala halali, tunachofanya ni kumtia ganzi, kupasua kando ya mstari wa katikati, kutoa usaha na nywele zinazoonekana, kisha kumrudisha nyumbani. Siku hiyo nyama imevimba, mipaka ya ugonjwa haionekani, na atakayejaribu kumaliza kila kitu hapohapo atakata nyama nzima bila sababu. Wako wanaopona kwa hatua hiyo peke yake, lakini wengine wengi hubaki na tundu linalovuja, na hao ndio wenye haja ya upasuaji wa pili, ambao ni kazi nyingine kabisa. Kosa letu ni kwamba hatukumweleza mama huyo mapema. Sasa jambo hilo linaandikwa kwenye stakabadhi yenyewe.

Hata hivyo, hasara kubwa zaidi tumeiona kwa wanaokwepa hatua zote mbili. Dereva mmoja wa bodaboda alipasuliwa mara nne katika duka la dawa la mtaani kwake, kila mara kwa fedha kidogo na vidonge vya kuua bakteria, ilhali vidonge haviwezi kutoa nywele. Katikati ya hayo aliuziwa hata dawa ya bawasiri. Alipotufikia alikuwa na matundu matano, moja likiwa karibu na njia ya haja kubwa kiasi kwamba tulilazimika kwanza kuhakikisha kuwa si fistula, yaani njia isiyo ya kawaida inayotoka ndani ya njia ya haja kubwa hadi kwenye ngozi. Alikuwa ameshatumia zaidi ya bei yetu aliyoiita ya kinyang'anyi. Yeye alilaumu kiti cha pikipiki, na hakuwa peke yake kufikiri hivyo, kwani katika Vita Kuu ya Pili wanajeshi wa Marekani wapatao 80,000 walilazwa kwa maradhi haya hata yakaitwa ugonjwa wa jeep, yaani wa gari la kijeshi walilopanda. Lakini kiti si kila kitu: vinyozi huupata kati ya vidole vya mikono, mahali wasipokalia.

Sasa kuhusu bei ya huo upasuaji wa pili. Vitundu vichache visivyo na usaha huweza kuondolewa kimoja kimoja kwa ganzi ya sindano, na gharama yake ni ndogo. Kukata mfuko wote na kuacha kidonda wazi nako huonekana rahisi kwenye karatasi, ila hesabu shashi, nauli na siku za kazi kwa wiki nyingi, pengine miezi, kidonda kikijijaza kutoka chini. Kushona katikati hatufanyi, hata mteja akituomba, kwa sababu mshono unaolala chini ya mfereji wenye jasho huachia, na ugonjwa hurudi zaidi. Tunachopendelea kwa ugonjwa mkubwa ni kusogeza nyama ya pembeni, kwa njia ya daktari Karydakis wa Ugiriki au ile ya daktari Limberg, ili mfereji uwe wa kina kifupi na mshono ukae kando. Kazi hiyo inahitaji sindano ya ganzi ya mgongoni, muda mrefu mezani na mkono usio na haraka. Ukitajiwa bei ya chini kwingine, uliza mshono utapita wapi.

Baada ya kupona, msinyoe sehemu hiyo kwa wembe mwaka baada ya mwaka, maana wanaofanya hivyo huonekana kurudiwa zaidi. Mwenye uwezo apunguze nywele kwa leza. Na mkitoka kwa kinyozi, ogeni, kwa sababu vipande vya nywele za kichwani huteremka mgongoni.

Kuanzia sasa, aliyepasuliwa jipu kwetu akirudi na stakabadhi yake hatalipa ada ya kumwona daktari. Mama amekubali mwanawe afanyiwe Alhamisi, kwa sharti kwamba tumwandikie karatasi moja tu.