Salamu za Pasaka 2026: Njoni na Hofu Yenu

Wapendwa katika Bwana,

Kristo amefufuka! Kwa niaba ya jamaa yangu nawasalimu nyote, mlio nyumbani na mlio mbali, nikimshukuru Mungu aliyetuvusha Kwaresima hii, katika mwaka ambao unga, nauli na karo vimetuelemea kwa pamoja.

Mwaka huu Pasaka imeangukia tarehe 5 Aprili kama ilivyokuwa mwaka 2015, na kwa hiyo Alhamisi Kuu imekuwa tena tarehe 2. Sisi Wakenya hatuhitaji kukumbushwa tarehe hiyo. Alfajiri ya siku ile, katika Chuo Kikuu cha Garissa, baadhi ya wanafunzi walikuwa wamekwisha kukusanyika kwa sala ya asubuhi, na wauaji wakawafikia humo humo katika maombi. Waliouawa siku hiyo walikuwa 148, wengi wao wanafunzi. Wapo wazazi ambao tangu hapo hawawezi kuitenga sikukuu hii na matanga.

Mama yangu, tuliyemzika Agosti iliyopita, alikwenda kanisani Jumapili ile ya 2015 akakaa benchi la mwisho karibu na mlango, yeye ambaye miaka yote alikuwa mtu wa mbele pamoja na akina mama wenzake. Nilipomuuliza sababu, alinijibu pasipo kuona haya: "Kuogopa naogopa, mwanangu, lakini kuja nimekuja." Hakurudi mbele tena hadi Bwana alipomwita. Hii ni Pasaka yetu ya kwanza bila yeye, na kusema kweli salamu hizi ningependa zaidi kumpelekea yeye.

Jibu lake hulisoma pamoja na sura ya 20 ya Injili ya Yohana. Wanafunzi walikuwa wamejifungia ndani kwa hofu. Bwana akasimama katikati yao na kuwapa amani, wala hakuwakemea kwa ajili ya komeo. Baada ya siku nane, ingawa walikuwa wamekwisha kumwona kwa macho yao, milango ilikuwa imefungwa vile vile, naye akaja vile vile. (Wahubiri wetu humshughulikia mno Tomaso hata wakausahau mlango.) Basi anayewaambia kwamba muumini wa kweli haogopi amewatwika mzigo ambao hata mitume hawakuubeba.

Kwa hiyo nawasihi, ndugu zangu, njoni na hofu yenu. Piteni pale langoni tunapopekuliwa mikoba, mwingie, mwimbe. Wala hofu isigeuke kuwa chuki kwa jirani, kwa maana mnakumbuka jinsi abiria Waislamu wa lile basi lililovamiwa na wapiganaji wa al-Shabaab huko Mandera, Desemba 2015, walivyokataa kutengwa na Wakristo, na jinsi mwalimu Salah Farah, aliyekuwa miongoni mwao, alivyofariki mwezi uliofuata kwa majeraha ya risasi. Ujasiri wa namna hiyo na tuuige.

Wengi wetu, hata hivyo, hatutakutana na bunduki. Kinachotuangusha ni aibu. Wapo waliotoweka kanisani tangu kazi zao zilipokwisha, kwa sababu hawawezi kukaa pale majina ya waliotoa ahadi yakisomwa nao hawana kitu. Wazee wa kanisa, punguzeni matangazo ya michango, mwaka huu angalau. Nanyi mliokaa nyumbani kwa kukosa sadaka, rudini mikono mitupu, maana hakuna aliyelinunua kaburi lililo wazi. Vijana mnaochekwa kazini kwa kukataa hongo, simameni imara. Wazazi, msiwaachie walimu wa Sunday School peke yao kazi ya kuwafundisha watoto kusali. Salini nao usiku, hata umeme ukikatika, hata mmechoka.

Nawatakia nyote Pasaka njema yenye heri, afya na amani. Wagonjwa wapone, waliofiwa wafarijiwe, na wale mnaorudi mijini Jumatatu mfike salama.

Ndugu yenu katika Kristo Mfufuka.