Barua kwa fundi wa makochi

Katwe, Kampala

Rafiki yangu fundi,

Habari za Jinja? Huku tu wazima, ila mvua haitupi nafasi ya kukausha chochote.

Umeniuliza kile nilichotundika ukutani kwenye ile picha ni mnyama gani. Si mnyama, bwana! Ni tyubu za lori. Nilizipasua, nikazichana mikanda bila kuifikisha mwisho, nikazigongelea misumari juu, kisha nikaziachia. Umbo lile sikulichonga. Uzito wa mpira ndio uliolivuta. Nikizitungua leo na kuzitundika kesho, zinalala vingine kabisa.

Usidhani ni wazimu wangu peke yangu. Msanii Mmarekani Robert Morris alikuwa akichana na kutundika vitambaa vizito vya sufu iliyoshindiliwa, vile vya viwandani, tangu 1967. Naye Leilah Babirye, aliyesoma hapa hapa Makerere, hutumia tyubu za baiskeli kwenye vinyago vyake, ingawa vya kwake vina nyuso.

Anayeninyima usingizi ni msanii Eva Hesse, mzaliwa wa Hamburg aliyekulia New York. Mwaka 1969 alipaka shashi (kitambaa chepesi) utomvu wa mpira, akaining'iniza kwenye nguzo za faibaglasi zenye urefu wa zaidi ya mita tatu, kitu kizima kikaegemezwa ukutani. Mwanzoni shashi ile ilikuwa laini, ikipitisha mwanga. Sasa imekakamaa na kugeuka rangi. Mwenyewe alifariki 1970 akiwa na miaka 34, na alijua fika kwamba utomvu ule haudumu. Jumba la makumbusho la Guggenheim, huko New York, liliiweka stoo miaka mingi, likaitengeneza na kuionyesha tena 2022. Mimi, ningeulizwa, ningeiacha izeeke mbele za watu.

Lakini haya wewe unayajua kunishinda. Ukifumua kochi la zamani, si sponji hupukutika kama unga? Mteja hulalamika, wewe unafagia, mambo yamekwisha. Mimi nataka hiyo hiyo inayopukutika. Nataka kuishona ndani ya tyubu, nione itaanza kumwagikia wapi.

Kwa hiyo usichome moto masalio. Yajaze guniani, ya njano zaidi yawe juu yasigandamizwe, umpe kondakta wa teksi. Nauli nitalipa mimi huku.

Nisalimie mama watoto.

Wako,
wa Katwe