Barua ya wazi kwa vijana waandishi wa programu: acheni ubishi, kagueni

Wanangu,

Nimechoka kuwasikia mkigombana. Hawa wanaapa kwamba programu huria, ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, ni salama kwa kuwa macho ni mengi; wale wanajibu kwamba msimbo uliofungwa ndio salama, mwizi haoni pa kuingilia. Na seva za pande zote mbili hazijasasishwa kwa miezi.

Macho mengi, ya nani? Kosa la Heartbleed lilikaa ndani ya OpenSSL, maktaba ya kusimba mawasiliano ya mtandao, tangu toleo 1.0.1 la Machi 2012 hadi Aprili 2014. Ombi moja lilimpa mdukuzi hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva, pengine na funguo za siri humo humo. Msimbo ulikuwa wazi kwa wote miaka yote miwili.

Linaloniuma zaidi ni la xz, zana huria ya kubana faili. Mtu aliyejiita Jia Tan aliusaidia mradi kwa zaidi ya miaka miwili hadi akakabidhiwa kutoa matoleo. Mwenye mradi alikuwa mtu mmoja, hoi, asiyelipwa, akisukumwa kwa lawama. Na makampuni tajiri yakijenga juu ya jasho lake bila hata kumuuliza hali. Aibu hiyo ni yetu sote. Mwaka 2024, matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kumwingiza mdukuzi. Mzigo wenyewe, yaani msimbo hasidi, ulifichwa katika faili za majaribio. Hati ya kuuamsha, build-to-host.m4, iliwekwa kwenye kifurushi cha tar.gz cha kupakua tu, katika hazina ya Git, panapotunzwa msimbo na historia yake, haikuwemo. Saini ilikuwa halali, kwani aliyesaini ndiye mwizi! Ninyi mnaoendesha gpg --verify, amri ya kuhakiki saini, kisha mkalala, saini inataja aliyetoa, haisemi ameweka nini. Chukueni lebo ya toleo lile lile kwenye Git, lilinganisheni na kifurushi kwa diff -r, na kila faili lililozidi lipate maelezo. Faili la configure, linaloandaa ujenzi wa programu, huzidi kwa kawaida, na hapo ndipo uchafu hujificha. Lizalisheni wenyewe kutoka kwenye msimbo wa Git, si wa kifurushi, kwa autoreconf -fi.

Mhandisi wa programu, Andres Freund, aliunasa mlango huo wa xz baada ya kuona kuingia kwenye seva kwa mbali, kwa SSH, kunachelewa takriban nusu sekunde. Aliweza kufuatilia hadi kwenye mstari wenyewe, bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa programu iliyofungwa angemwandikia muuzaji, akangoja. Huo ndio ubora wa huria ninaoutetea, wala si mwingine.

Nanyi wa msimbo uliofungwa, msitabasamu. Sasisho la programu ya kampuni ya SolarWinds lililogunduliwa 2020 lilikuwa na saini halali na mlango wa nyuma vilevile. Windows ilipata kiraka Machi 14, 2017. WannaCry, programu hasidi ya kudai fidia, ikawakuta Mei 12 wazembe ambao hawakukiweka.

Mkinunua iliyofungwa, daini orodha ya maktaba zote zilizomo pamoja na matoleo yake. Desemba 2021 Log4j, maktaba iliyogundulika kuwa na kosa kubwa la usalama, ilikutwa ndani ya bidhaa nyingi za kuuzwa, na wanunuzi hawakujua wanayo. Muuzaji akikataa kuitia orodha hiyo kwenye mkataba, tafuteni mwingine.