Ndugu Mhariri, ile ni theluji, si barafu

Ndugu Mhariri,

Kila mwaka, Desemba hadi Machi, magazeti yetu huchapa picha za watu wenye miwani mikubwa wakiserereka mlimani huko Ulaya, na chini yake maneno yaleyale: "wakiteleza kwenye barafu". Naomba usahihishe. Barafu ni ile wanayopakia wavuvi mashuani. Mwenye skii, yaani vile vibao virefu vya kuserereka vinavyofungwa miguuni, huikimbia, kwa sababu ukingo wa chuma wa skii hauing'ati vizuri, na akianguka anaweza kuserereka mbali kabla ya kusimama. Anachokitafuta ni theluji, hasa ile iliyoanguka usiku.

Kosa la pili ni kuwa picha hizo hazionyeshi foleni. Vijana wetu wa Tanga wanaokwenda kusoma au kufanya kazi za msimu kwenye hoteli za milimani hudhani kuwa siku iliyofuata theluji nyingi ndiyo siku nzuri ya kujifunza. Kwa mgeni, ni siku ngumu kuliko zote.

Tuseme usiku zimeanguka sentimita 40. Mlima haufunguliwi wote kwa mara moja. Alfajiri walinzi wa mlima hulipua baruti huko juu ili theluji iliyokaa vibaya iporomoke kabla hakujawa na mtu chini yake. Miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 ndiyo inayoporomoka zaidi. Kazi hiyo ikichelewa, au upepo ukizidi, lifti za juu, yaani viti vinavyoning'inia kwenye waya na kupandisha watu mlimani, hubaki zimefungwa, na umati wote hujazana kwenye lifti mbili tatu za chini. Lifti ya kisasa ya viti vya watu sita hupandisha hadi watu 3,000 kwa saa, kwa hiyo ukikuta watu 1,500 mbele yako utasubiri nusu saa. Ila viti vikiondoka na watu wanne wanne, kwa kuwa marafiki hawataki kuachana, nusu saa hiyo inakuwa dakika 45. Konda wa daladala ya Raskazone asingekubali. Vituo vingi vya skii vina foleni ya pembeni ya watu walio peke yao, wanaojaza nafasi zilizobaki. Ingieni huko, mtakutana juu.

Baridi humpata mtu akiwa amekaa kwenye kiti, si akiteleza. Joto likiwa nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi huhisi kama nyuzi 20 chini ya sifuri. Baridi ya Lushoto ya Julai haikuandai kwa hilo. Fulana ya pamba usiivae kabisa, maana ikilowa jasho haikauki na inakunyonya joto. Ndani vaa sufu nyembamba au poliesta, katikati sweta, juu jaketi lisilopitisha upepo wala maji. Soksi ni jozi moja, nyembamba na ndefu. Wageni wengi huvaa mbili, buti linabana, damu haifiki vidoleni, na miguu inakuwa baridi zaidi kuliko ya aliyevaa moja. Mtazame mwenzako usoni mara kwa mara. Ukiona doa jeupe puani au shavuni, ingieni ndani. Msilisugue, na kusugua kwa theluji ndiyo vibaya zaidi.

Jaketi lenyewe mnaweza kulipata kwenye mitumba hapahapa. Yapo mengi, na waendesha bodaboda huyavaa asubuhi bila kujua yalishonewa nini. Ile sketi ya mpira iliyo ndani, ambayo mafundi huikata wakidhani ni mapambo, huzuia theluji isiingie kiunoni ukianguka. Kifuko kidogo kwenye mkono wa kushoto ni cha kadi ya lifti, kwa sababu mashine ya getini huisoma upande huo.

Theluji mpya ina usumbufu wake. Hugandamana chini ya buti, kifungio cha skii hakijibani sawasawa, nawe unafyatuka kwenye kona ya kwanza. Kabla ya kukanyaga, kwangua soli kwa ncha ya fimbo. Skii ikichomoka ikazama, watu huitafuta chini, wakati mara nyingi imebaki juu, karibu na mahali ulipoangukia. Chukua ile ya pili, ipitishe kwenye theluji kukata mlima mistari mistari, mpaka igonge. Usiegemee nyuma kwa kuogopa kuzama. Ukiegemea, mapaja yanachoka na skii hazigeuki. Mwanafunzi abaki kwenye njia zilizosawazishwa na matrekta, tena mapema, maana kufikia saa tano umati umeshazigeuza matuta. Kanuni ya shirikisho la kimataifa la skii, FIS, ni kwamba aliye juu ndiye anayemkwepa aliye chini. Basi usisimame kwenye njia nyembamba, wala chini ya tuta ambako aliye juu hakuoni.

Na kamba. Kamba iliyofungwa pembeni ya njia haipo ili kukutoza ada, bali kukuonya usivuke, kwa hatari ya maporomoko ya theluji. Ulaya hatari ya maporomoko hupimwa kwa madaraja 5, na mgeni akisikia "daraja la 3" hudhani ni wastani. Siyo. Vifo vingi hutokea kwenye daraja hilo, kwa sababu kwenye la 5 watu hukaa ndani. Aliyefunikwa ana nafasi kubwa ya kuishi akifukuliwa ndani ya dakika 10 hadi 15, na baada ya hapo nafasi hushuka haraka. Msaada wa kutoka bondeni mara nyingi hauwahi. Wanaovuka kwa kujua hubeba kisambaza mawimbi cha kilohezi 457, kifaa kinachoonyesha aliyefunikwa yuko wapi, koleo la kuchimbia na fimbo ndefu ya kuchoma theluji, na huwa na mwenzao anayejua kuvitumia. Asiye navyo, asifuate nyayo za skii alizozikuta upande wa pili. Hazimwambii kama mteremko ni salama.

Ukichoka, usilazimishe kuteremka. Lifti nyingi za viti hushusha watu pia. Mwambie mhudumu wa juu, atapunguza mwendo upande. Ila uliza asubuhi lifti ya mwisho ni saa ngapi, kwani milima mingi hufunga kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni.

Msomaji wako,
Chumbageni, Tanga