Mama Baraka, kabla hujanunua hiyo kibodi

Kisumu, Jumapili jioni

Mama Baraka mpenzi,

Meseji yako niliisoma nikiwa stegi ya Kondele nasongwa na watu, nikasema hii siwezi jibu na mistari miwili, wacha nifike nyumbani. Sasa nimefika, watoto wamekula, nimekaa.

Umeuliza kama Baraka kwa hiyo miaka 9 amechelewa kuanza kujifunza muziki, na kama ununue kibodi. Hajachelewa. Lakini kibodi ngoja kwanza, nikupe stori ya hapa kwetu, ni ndefu kidogo, weka chai.

Unakumbuka ile nyatiti ya baba mkwe wangu, kile chombo cha nyuzi cha Waluo, ile ulikuwa unaigusagusa pale ukutani siku ya harusi? Ilikaa hapo miaka mingi baada ya mama mkwe kufariki, nyuzi zimekatika, ngozi imekauka, panya ameanza kula pembeni, na mzee hakuwa anaitaja na hakuna mtu alikuwa anamuuliza. Baba watoto yeye ni gita. Hajawahi soma noti hata moja, alijifundisha na kanda za benga, ule muziki wa gita wa Waluo, za D.O. Misiani na Shirati Jazz, anarudisha nyuma na biro, anasikiza tena, mpaka kanda inakatika. Mzee akimsikia anasemanga hiyo ni nyatiti yangu, umeiweka tu nyuzi za duka. Na ni ukweli kabisa, ukisikiza gita la solo la benga vile linakimbia, hizo ni mbio za nyatiti.

Basi mwaka jana kitinda mimba akaambiwa shuleni kila mtu alete rekoda, ile filimbi ya shule. Ya kwanza nilinunua kando ya barabara, ikawa haishiki sauti hata ukiziba matundu vipi, nikanunua ingine. Akaanza na noti za B, A na G, hizo 3 peke yake, asubuhi na jioni, karibu mwezi mzima, mpaka nikisonga ugali mwiko unaenda na hizo noti. Hapo ndio dadake, huyu wangu wa miaka 12, akaniambia mama, mimi nataka ile ya babu.

Niliogopa, Mama Baraka. Nilikuwa najua jibu, kwa sababu nyatiti tangu zamani ni ya wanaume, na hiyo kitu nimeiishi mwenyewe. Kwetu Shinyalu, huko Kakamega, ngoma za isukuti ziko 3, kubwa, ya kati na ndogo, na sisi tulikuwa tunaziita baba, mama na mtoto, lakini hata hiyo inaitwa mama haikuwa inapigwa na mama. Nilikuwanga nasimama karibu na mwenye ile ndogo mpaka mkono wangu unajipigia kwa paja. UNESCO waliiweka isukuti 2014 kwa orodha ya vitu vinataka kuokolewa haraka, na siku nilisikia hiyo habari niliwafikiria wasichana wote tulisimama pale pembeni, tunajua kila mdundo na hakuna mtu ametuuliza.

Mzee alipoambiwa alinyamaza siku 3. Siku ya 4 akaniambia nimpeleke soko la Kibuye. Akachagua nailoni ya kuvulia samaki, nene, nyembamba, nyembamba zaidi, kila moja anaivuta karibu na sikio anaigonga na kidole, mwenye duka anamwangalia tu. Akaniambia wakati wa babake nyuzi zilikuwa kano za ng'ombe. Tukiwa kwa matatu tunarudi ndio akasema, bila hata kuniangalia, "Anyango, yule mwanamke, ametoka Japani akafundishwa nyatiti hapo Siaya, na mimi mjukuu wangu wa damu nimnyime?" Nililia nikiangalia dirishani.

Sasa vile alimfundisha ndio nataka usikie. Nyatiti inalazwa chini kwa ubavu, mpigaji anakaa kwa kigoda kifupi, mguu wa kulia unafungwa gara, zile njuga, na kidole gumba cha mguu kinavaa pete ya chuma inaitwa oduong'o, hiyo inagonga ubao wa chombo. Pete ilikuwa kubwa sana kwa huyu mtoto, ikawa inateleza, mzee akakata kipande cha tyubu ya baiskeli akaizungushia ndani. Na wiki 2 nzima hakumwacha aguse uzi. Mguu tu. Ta, ta, ta, kwa ubao, njuga zinajibu. Msichana akaniambia anataka kuacha, anasema babu hamfundishi kitu, nikamwambia ngoja. Siku aliruhusiwa kushika nyuzi, zile 8, vidole vilikuwa vinajikwaa lakini mguu haukusimama hata mara moja. Hapo ndio nilielewa mzee alikuwa anajenga nini.

Krismasi tukajaribu kupiga wote pamoja na ikakataa kabisa. Rekoda haigeuki, ilitoka kiwandani na sauti yake. Nyatiti nayo inafuata koo la mwenye kuimba, na mzee anaimba chini. Baba watoto akatoa simu yenye programu ya kutyuni akaanza kumwambia babake huu uzi uko chini, huu uko juu, mzee akakasirika, akauliza hiyo simu inaimba? Jioni ikaharibika. Kesho yake mtoto mdogo ndio alituokoa, alikaa karibu na babu akapuliza G moja ndefu, mzee akasokota uzi mmoja mpaka ukaingia kwa hiyo G, halafu hizo zingine akaziweka kwa sikio lake vile amezoea. Gita likafuata nyatiti. Noti zenye hazikubaliani na rekoda kijana anaziruka tu, anangoja zake. Haiko sawa vile redio iko sawa, lakini ni yetu, na mzee ameanza kuimba majina ya watu wa kwao wenye sijawahi kusikia tangu niolewe.

Na mimi nimenunua ngoma, Mama Baraka. Isukuti ndogo, kwa fundi huko Khayega. Mikono ilikuwa inakumbuka kila kitu.

Ndio maana nakuambia kibodi ingoje. Uliniambia wewe mwenyewe babako alikuwa anapiga mwomboko, ile dansi ya Wakikuyu, na akodiani yake iko kwa boksi chini ya kitanda huko Nakuru. Itoe akiwa bado anaweza kumshika Baraka vidole. Fungua mkanda unaobana ile mifuko ya hewa, ishike upande mmoja, usibonyeze kitufe chochote, halafu uache upande ule mwingine uning'inie. Ikishuka polepole bado inashika hewa, ikianguka haraka inavuja, tafuta fundi, usiitupe. Ni nzito kwa mtoto, kwa hivyo akae chini aiweke mapajani, asisimame nayo. Na kama upande wa kulia iko na vitufe kama vya piano, vidole vyake vitajua kibodi hata kabla hujainunua.

Sisi tunakuja Agosti shule zikifungwa, mzee amesema na yeye atakuja, anataka kumsikia babako. Nitumie vidio ukifungua hiyo boksi, hata kama haitatoa sauti.

Wako,
Mwenzako wa Kisumu